Haipo Haipo

Msonyo wa kwanza wa asubuhi ile aliutoa muuza kahawa. Mfyuuu! Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa ameweka pembeni ya bao kikopo cheusi cha plastiki chenye mfuniko wa kijivu, na muuza kahawa, ambaye macho yake hayajawahi kuupita ugoro bila kusimama, alishakifungua na kuingiza vidole viwili hata kabla ya salamu. Nani asiyevijua vikopo vile? Nusu ya bibi zetu wa Unyanyembe wamezikwa, ugoro wao ukabaki humo. Vidole vikagonga kitu kigumu. Akakitoa, akakigeuza, akakirudisha kwa kinyaa. "Huu si ugoro. Haya ni madude."

Madude yenyewe yalikuwa mkanda wa picha. Ulimi wake ulikuwa umeingia wote ndani, na kwa sisi tuliokula chumvi kabla ya simu za kamera hiyo ni lugha inayosomeka: umeshapigwa wote, bado kusafishwa. Mwalimu mstaafu akavaa miwani, akaushika kwa ncha za vidole kama anayeshika yai, akasoma kwa sauti ya darasani, "Kodachrome. Sitini na nne." Akanyamaza kidogo. "Eh, dogo. Huu umekufa mara mbili."

Kijiwe chetu kipo Kanyenye, Tabora, chini ya mwembe. Sisi tunadai mwembe huu ni wa ukoo wa ile miembe ya watu wa misafara, iliyokuwa ikiwapa kivuli njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na anayetaka kubisha aje na vyeti vya mwembe wake. Mbele yetu kuna kibanda cha kutoa na kuweka pesa za simu. Zamani kilikuwa studio. Mwenyewe ni yuleyule, na jina ni lilelile, Mzee wa Studio, ingawa kilichobaki cha studio ni pazia la bluu kwa ajili ya picha za pasipoti na kioo ambacho watu walijiwekea sawa kola. Chumba cha giza sasa kinahifadhi maboksi ya soda. Taa nyekundu bado inaning'inia. Haina umeme, lakini ametukataza kuitoa.

Yeye aliitwa avuke barabara. Akaja na kanzu yake ya nyumbani, akapokea shikamoo tano, akajibu moja kwa wote, akakaa. Mkanda alioonyeshwa hakuushika haraka. Aliuliza kwanza, "Umetoka wapi?"

Umetoka kwenye sanduku la bati la marehemu mume wa shangazi wa yule kijana, fundi wa reli, ambaye wengi wetu tulimfahamu. Mtu wa karakana, mkono mweusi wa grisi, lakini Ijumaa kanzu nyeupe pe. Miaka ya themanini huko alimsaidia mzungu mmoja aliyekuwa akishuka kutoka Kigoma kwenye mambo ya sokwe, mizigo yake ilikuwa imebaki kwenye behewa lisilo lake, na kwa shukrani yule mtu akamwachia kamera ndogo na mikanda miwili. Wa kwanza alipiga, akautia kwenye bahasha ya njano iliyokuja nao, akaupeleka posta. Baada ya muda mrefu wa kutosha mtu kukata tamaa, zikarudi picha: vijipicha vidogo vya kuona kwa mwanga, slaidi, kila kimoja kwenye fremu yake ya karatasi. Kijana alikuja nazo pia, kwenye kisanduku.

Tukazipokezana, kila mmoja akiinua yake juani na kufumba jicho moja. Nitasema nilichoona bila kuongeza chumvi. Niliona stesheni yetu, na wekundu wa matofali ulikuwa wekundu. Niliona mtoto ameshika kipande cha papai, na papai lilikuwa papai. Hizo slaidi zimekaa chini ya mabati ya Tabora, joto la Oktoba zaidi ya thelathini, panya juu, mchwa chini, na hazijapauka. Albamu yangu ya harusi, ya miaka michache tu baadaye, watu wote wamegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Na afadhali hata hiyo albamu ipo. Mkanda wa pili wa harusi yangu, picha thelathini na sita, uliungua. Nilikuwa nimeupeleka, ukiwa bado ndani ya kamera, kwenye studio moja ya mjini, sitaitaja, mwenyewe yu hai na watoto wake ni wakali, na fundi akafungua kamera akidhani mkanda umeshajirudisha. Mwanga ukaingia. Upande wa ukweni haumo kwenye historia ya ndoa yangu. Mama watoto hunikumbusha kila tunapopishana kauli: "Wewe hata picha za mama yangu ulizichoma." Mimi! Mfyuu.

Turudi kwenye mkanda. Kijana alikuwa na hoja moja, na alikuwa nayo kwa nguvu zote za mtu wa bodaboda. Alitoa ile bahasha ya pili ya njano, imejikunja, haijatumika, yenye anwani ya maabara ya Hemel Hempstead, Uingereza. "Mwalimu, hapa si pameandikwa kwamba gharama ya kusafisha imo kwenye bei ya mkanda?"

Pameandikwa. Ndivyo Kodachrome ulivyouzwa Ulaya: unanunua mkanda, umelipia na maji ya kuusafishia.

"Basi marehemu anadai!"

Kijiwe kikalipuka. Deni la marehemu tunalijua, linalipwa kabla ya kuzikwa. Lakini marehemu anapodai? Mmoja akasema warithi waandike barua. Mwingine akataka ubalozi uingilie. Muuza kahawa, ambaye ana daftari lenye majina yetu sote, akasema kwa uchungu kwamba kudai si kulipwa, anatuangalia.

Mwalimu ndiye aliyetuliza. Kampuni ya Kodak ilitangaza tarehe 22 Juni 2009 kwamba inaacha kuutengeneza, baada ya miaka 74, maana ulitoka mwaka 1935. Wenye mikanda mkononi wakapewa muda. Maabara ya Uswisi ilikuwa imeshafunga mwaka 2006, na kufikia mwisho duniani kote ikawa imebaki moja tu, Dwayne's Photo, katika mji mdogo unaoitwa Parsons, jimbo la Kansas, Marekani. Siku ya mwisho ya kupokea mikanda ilikuwa tarehe 30 Desemba 2010. Mwaka na nusu watu walikuwa wakiambiwa leteni, leteni. "Aliyechelewa ni marehemu," akasema Mwalimu. "Na Kodak yenyewe Januari 2012 ikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Ungeidai nini?"

"Parsons ni mji wa aina gani?" akauliza mmoja.

"Mji wa reli. Kama huu."

Hapo pakawa na kimya kidogo cha heshima. Mji wowote wa reli ni ndugu yetu. Mwalimu akaongeza kisa ambacho magazeti ya Marekani yaliandika siku zile za mwisho: mfanyakazi mmoja wa reli aliendesha gari kutoka Arkansas kwenda Parsons kuchukua mikanda yake 1,580, aliyolipia kusafishwa dola 15,798. Picha zote za treni. Maisha yake yote mtu yule alikuwa akipiga treni na kuweka kwenye kabati, kupiga na kuweka, mpaka aliposikia bomba linafungwa.

"Mikanda elfu moja mia tano!" Kijana alishika kichwa. "Na sisi mmoja tu umetushinda."

Msonyo. Safari hii ulikuwa wa pamoja, kama kiitikio.

Sasa mimi nina neno langu kuhusu jambo hili, na nililisema pale ingawa nilikatizwa mara tatu. Watu wakizungumzia mikanda ya picha huuliza kama kiwanda bado kipo. Swali hilo ni la mtu wa Pwani, la anayeona meli tu. Sisi wa bara tunajua mzigo una pande mbili. Pembe ilitoka Manyema, ikafika hapa Kazeh, Tabora ya zamani, ikangoja wapagazi, ikashuka Bagamoyo. Lakini shanga, nguo na nyaya za shaba nazo zilikuwa na safari yao ya kupanda. Upande mmoja ukikwama, wa pili ni takataka. Livingstone alifika Ujiji mwaka 1871 akitegemea bidhaa zake zilizotumwa kutoka Pwani, akakuta zimeshauzwa na aliyekabidhiwa. Bidhaa zilikuwepo, njia ilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa mwisho wa mnyororo. Mwaka uliofuata alikaa miezi mitano hapa Kwihara akingoja wapagazi tu. Dakta mzima, jina kubwa, amekaa kwenye tembe anahesabu siku, kwa sababu mzigo haujibebi.

Na mkanda wa picha ni hivyohivyo. Kiwanda ni nusu. Nusu ya pili ni maji ya kusafishia na mkono unaoyajua, na hiyo nusu ndiyo inayokufa mapema na kimyakimya. Viwanda huwa vinafufuka. Ektachrome, ndugu yake Kodachrome, ulisimamishwa mwaka 2012, ukarudi sokoni mwaka 2018 kwa sababu vijana wa Ulaya na Marekani wameanza tena kuona raha ya kungoja picha. Haya, umerudi. Uulete Tabora uupige. Utausafisha wapi?

"Dar?" akajaribu mmoja.

"Hata huko utauliza sana."

Mzee wa Studio alikuwa bado hajasema lolote la maana. Alikuwa akiugeuza ule mkanda taratibu. Kisha akaanza, na Mzee akianza huwa hatumkatizi, maana yeye ndiye pekee kati yetu aliyeyaona mambo haya gizani.

Alisema mikanda ya rangi ya kawaida, ile ya negativu tuliyokuwa tukimletea baada ya kipaimara na mahafali, haikuwa na maringo. Utaratibu ulikuwa mmoja, uliotoka mwaka 1972 na dunia nzima ikaja kuukubali: dawa yenye joto la karibu nyuzi 38, dakika 3 na sekunde 15, kisha hatua nyingine chache. Fuji, Konica, Kodak, yote yaliingia maji yaleyale. "Kama mchele. Wa Igunga, wa Shinyanga, wa Kyela, sufuria ni moja." Ndiyo maana mashine zilipokuja, kila mji ukapata yake, na picha zikawa zinatoka saa ileile. Na ndiyo maana zilipoondoka ziliondoka zote pamoja. Wateja walihamia kwenye simu, dawa ikawa inaharibika kabla ya kupata mikanda ya kutosha, mashine ikafunikwa shuka.

"Lakini huyu," akagonga mkanda kwa ukucha, "huyu alikuwa na sufuria yake peke yake."

Kodachrome, alivyotueleza, ndani hauna rangi. Una matabaka ya nyeusi na nyeupe tu, moja linaloona wekundu, moja kijani, moja bluu. Rangi zenyewe huingizwa wakati wa kusafisha, moja baada ya nyingine, kila moja na dawa yake, na katikati mkanda humulikwa upya, upande mmoja kwa taa nyekundu, upande mwingine kwa ya bluu. Ukikosea joto kidogo au dakika kidogo, uso wa mtu unakuwa wa zambarau. Hakuna studio ya mtaani iliyoweza. Ilitaka mtambo mrefu na mkemia wa kusimama pembeni yake. Waliovumbua, nyongeza hii ilikuwa ya Mwalimu, walikuwa wanamuziki wawili, Leopold Mannes wa piano na Leopold Godowsky wa fidla. Inasimuliwa kwamba gizani, wasipoweza kuona saa, walipima dakika kwa kupiga mluzi wimbo wanaoujua mwendo wake.

"Kwa hiyo," akasema Mzee, na sauti ikashuka, "rangi za marehemu hazimo humu. Hazijawahi kuwemo. Zilikuwa kwenye mapipa ya Kansas."

Kijana alikichukua kikopo akachungulia ndani, kana kwamba rangi zimejificha kwenye kona. "Sasa humu mna nini?"

"Fedha."

Ungeona shingo zilivyogeuka! Hata aliyekuwa akicheza bao aliachia kete mkononi.

"Fedha ngapi, Mzee?"

"Fedha, dogo. Madini. Fedha ya pete na vikuku."

Lugha yetu hii ina uchokozi. Neno moja kwa kilichomo mfukoni na kilichomo sikioni kwa bibi harusi. Lakini hapa haikukosea, kwa sababu picha ya mkanda, hata ile mbovu kuliko zote, ni chembe za fedha zilizoguswa na mwanga. Bei ya fedha ikipanda sokoni, kiwanda cha mikanda kinakohoa. Na maji machafu ya studio yalikuwa na fedha ndani yake, wapo waliokuwa wakiyakusanya kuitoa. Mzee alikiri kwamba yeye kwa miaka yote aliyamwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba. Muuza kahawa alitazama upande wa lile shimo kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza.

Mwalimu hakuweza kuliacha hilo lipite bila kutukumbusha kwamba mji huu ulishafua sarafu zake wenyewe. Mwaka 1916, Wajerumani wamebanwa na vita, meli haziji, karakana ya reli hapahapa ikapiga sarafu za dhahabu za rupia kumi na tano zenye tembo, dhahabu ya Sekenke, na heller za shaba ya maganda ya risasi. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini. "Karakana ileile aliyofanyia kazi marehemu," akamalizia, japo karakana imejengwa na kubomolewa mara ngapi hatujui. Tulimwachia. Mtu akishakuwa mwalimu wa historia hawezi kustaafu.

"Basi hakuna kitu," akasema kijana, akaanza kukifunga kikopo.

"Nani kasema hakuna?" Mzee akamzuia mkono. "Rangi ndizo hazipo. Picha zipo."

Hapa ndipo kijiwe kilipopata uhai. Kumbe Kodachrome, ukishindwa kupata maji yake, unaweza kuusafisha kama mkanda wa nyeusi na nyeupe. Huku nyuma una tabaka jeusi kama masizi ambalo lazima litolewe, na linatoka kwa maji ya magadi na kidole kinachosugua kwa upole. Kisha dawa ya kuitokeza picha. Kisha haipo.

"Haipo nini?"

"Haipo."

"Sawa haipo, lakini nini haipo?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Wapiga picha wa zamani ile dawa ya kukaza picha isiendelee kuliwa na mwanga waliiita haipo, ndivyo jina lake la Kizungu linavyosikika. Alitusimulia jinsi alivyotuma mtu Dar miaka ya uhaba, dukani kukatokea mazungumzo ya vichaa. Haipo ipo? Haipo haipo. Sasa ipo au haipo? Nimekwambia haipo haipo! Yule mjumbe alirudi Tabora kwa treni siku nzima na usiku bila kujua kama alinyimwa au alitukanwa.

"Na leo?" nikamuuliza.

"Leo haipo haipo."

Lakini alikuwa na kitu moyoni. Mjukuu wake anayesoma Dar alimsomea siku moja kwenye simu, na yeye alidhani ni utani wa watoto, hadi alipokumbuka elimu yake ya dawa na kuona kuna ukweli. Mwaka 1995, katika chuo cha teknolojia cha Rochester, mji uleule wa Kodak, mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake waligundua kwamba picha inaweza kusafishwa kwa kahawa.

Muuza kahawa alisimama.

Kahawa, naam. Kahawa ya unga ya kuyeyuka, magadi ya kufulia, na baadaye watu wakaongeza vitamini C ya duka la dawa kuipa nguvu. Vipimo vinavyotumika sana ni gramu 40 za kahawa kwa lita moja, dakika kama kumi na tano. Kinachofanya kazi si ule ukali unaokunyima usingizi, ni tindikali nyingine iliyomo, na kahawa rahisi ya robusta ndiyo bora kuliko ile ya kifahari. Robusta! Ya Bukoba! Kiwanda cha Tanica kipo, Africafé ipo kila duka.

"Na hii yangu?" Birika lilikuwa juu, mkono mmoja kiunoni.

"Yako ya kuchemsha ni hafifu kwa kazi hiyo."

"Hafifu!" Sijawahi kusikia msonyo mrefu kama ule. Ulianza Kanyenye ukaishia Isevya. Kashata zilizokuwa zikisubiri mtu zilirudishwa kwenye sinia.

Magadi yapo sokoni, akaendelea Mzee kana kwamba hakusikia, ila yakaangwe kwanza kwenye chungu yakolee. Maji safi yapo, tena ya Ziwa Victoria, yametufikia baada ya studio zote kufa. Miaka ile tulisafisha picha kwa maji ya madumu, tope likikaa kwenye uso wa bibi harusi tunasema ni kivuli. Na kuhusu haipo, nako kuna njia ya uvivu: chumvi. Chumvi nyingi kwenye maji, gramu mia tatu kwa lita, mkanda ukae humo siku nzima na zaidi. Polepole, lakini inakaza. Wazungu wa mwanzo kabisa wa mambo ya picha walianzia kwenye chumvi.

"Ya Uvinza," mtu akasema.

Tukatazamana. Chumvi ya Uvinza, iliyochemshwa kule njia ya Ujiji kwa zaidi ya miaka elfu, ambayo misafara ilisimama kuinunua. Kahawa ya Bukoba, magadi, chumvi ya Uvinza. Mpelelezi James Grant alipokuja huku na mwenzake Speke alikuwa ameshapiga picha Unguja mwaka 1860, lakini mambo ya dawa na vioo yakamshinda safarini; alipita hapa Kazeh mwaka 1861 akichora kwa mkono. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo thelathini, na kila chupa ya dawa ilikula nafasi ya nguo ya kununulia chakula. Na dawa, kwa maneno ya Mzee wetu, nyingine zilikuwa kando ya njia, kwenye vyungu vya watu.

Sitaki kutia chumvi ya aina nyingine. Mzee mwenyewe alituonya. Mkanda umekaa zaidi ya miaka thelathini na mitano kwenye bati la moto, picha ambayo haijasafishwa hufifia kama sauti ya mtu anayeondoka. Pengine itatoka kivuli tu. Na jaribio ni moja. Fundi mwenye akili huanza na mkanda wa kujaribia, ana wa pili wa kurekebishia makosa. Huu ni peke yake. "Nikiuharibu," akasema, "nimemwua mtu niliyemzika." Mkono wake ulikuwa ukitetemeka kidogo, na sisi wote tuliuona, na hakuna aliyesema.

Wengine wakasema uachwe. Si kila sanduku lazima lifunguliwe. Mkanda usiosafishwa angalau una matumaini. Mwalimu akawakatalia: yule mpiga picha mashuhuri, Steve McCurry, alipewa mkanda wa mwisho kabisa wa Kodachrome uliotoka kiwandani, picha 36, akazunguka nao dunia na kwenda kuumalizia makaburini hukohuko Parsons. Yeye alijua anaaga. Fundi wetu wa reli hakujua. Alidhani posta ipo kesho. Kwa hiyo, kwa Mwalimu, kuuacha gizani ni kumnyima mara ya pili. Mimi nilikuwa upande wa Mwalimu, ila nilikuwa nimeshaungua na mkanda mmoja maishani na sikutaka kupiga kura kwa sauti.

Tulikuwa hapohapo, watatu wanataka usafishwe, wanne hawataki, muuza kahawa amenuna na hapigi kura, ndipo shangazi mwenyewe alipotokea kwenye kona ya msikiti, khanga begani, mwendo wa mtu aliyeambiwa na majirani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kikopo changu kiko wapi?"

Kijana akampa, na macho chini. Akakifungua, akaona kilichomo, hakushangaa. Mzee wa Studio akamweleza yote kwa adabu ya daktari, toka Kansas hadi chumvi. Shangazi alisikiliza amesimama, amekataa kiti.

"Najua kilichomo," akasema. "Idi Mosi. Alinipeleka Kwihara kwa baiskeli, kwenye tembe la yule mzungu. Nilivaa gauni jipya, kijani. Alinisimamisha mlangoni, akasema usicheke, nikacheka. Zote humo nimecheka."

"Zinaweza kutoka, mama. Lakini zitatoka za kijivu."

"Na gauni?"

"Kijivu."

"Na miembe ya njiani?"

"Kijivu."

"Mbingu je?"

"Kijivu cheupe kidogo."

Akafikiri. "Gauni lile lilikuwa la kijani," akarudia, safari hii kama anayemwambia karani aandike vizuri.

Nikamuuliza kijani gani, maana kijani ni vingi. Alitazama khanga yake, hapana. Alitazama pikipiki ya mpwa wake, hapana. Kisha akainua uso mwembeni, ambako maembe ya Oktoba bado ni mabichi, na sisi sote tukainua nyuso naye. Kijana akanyoosha kidole. "Kama lile pale, shangazi?"

"Si hilo. La pembeni yake, lililo kivulini."